Bibi Alisema Kukeni Kwao Vidonge Huwakataa

Dodoso lilikuwa la kurasa sita, na nililijaza nimesimama, huku mkono mwengine unahesabu pakti za amoksilini. Aliyelileta ni kijana wa chuo, shati limepigwa pasi, anatafuta shahada yake ya uzamili. Alitaka kujua wafamasia wa Unguja na Pemba tunajua nini, na tunaonaje, juu ya kumpima mtu vinasaba kabla ya kumpa dawa. Maswali ya maoni niliyapita mbio. Kipimo hicho kina manufaa? Nakubali kabisa. Mfamasia ashirikishwe? Nakubali kabisa. Uko tayari kujifunza? Nakubali kabisa, na kama ingeruhusiwa ningetia vema mara mbili. Maswali ya ujuzi ndiyo yaliyonitoa jasho. La kimeng'enya cha ini kiitwacho CYP2C19 nilibahatisha, la warifarini, dawa ya kuzuia damu isigande, nikaliacha wazi. Karibu na mwisho likaja hili: umewahi kukutana na mgonjwa ambaye maumbile yake ya kurithi yalibadilisha namna dawa ilivyomfanyia kazi? Nikatia vema kwenye kisanduku cha "Sijawahi", nikampa kijana karatasi zake, nikarudi kwenye amoksilini.

Usiku wake nimekaa juu ya mbuzi nakuna nazi, ndipo bibi aliponijia. Mkono ukasimama. Nilikuwa nimeandika uongo kwenye utafiti wa mtu.

Bibi mwenyewe alikuja dirishani kwangu miaka kadhaa kabla ya hapo, mimi bado mgeni kazini, nimetoka kusoma Dar es Salaam na koti jeupe halijapata doa. Alikuwa amemshika mkono mjukuu wake, mtoto wa binti yake, kijana wa miaka kumi na tisa hivi, mvuvi, viganja vimechubuka kwa kamba. Kijana alikuwa amegunduliwa ukoma. Neno hilo kwetu bado husemwa kwa kunong'ona, kwa hiyo nilitoka, nikawakalisha kwenye benchi la pembeni, nikawaeleza taratibu. Dawa ni bure. Ni mseto wa rifampisini, klofazimini na dapsoni. Dozi ya kwanza ameze mbele yangu, nyengine ameze nyumbani kila siku, na kila mwezi arudi, mpaka ipite miezi kumi na mbili. Nilijiona nimefanya kazi ya maana. Bibi alinisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akasema:

"Mwanangu, sisi kukeni kwetu vidonge vyengine hutukataa. Mjomba wake huyu alipewa vidonge vya homa, akakojoa kama kahawa. Kidogo tumzike."

"Lini hiyo, bibi?"

"Zamani. Huyu hajazaliwa."

"Basi hizo zilikuwa dawa za zamani. Hizi nyengine."

Hakubisha. Alizifunga pakti kwenye ncha ya kanga yake, wakaondoka zao. Nami nikarudi dirishani kuita jina jengine.

Siku ya sita wakarudi. Macho ya kijana yalikuwa ya manjano kama yamepakwa bizari, midomo imepauka, na mshipa wa shingo unadunda ingawa amelala. Bibi alikuwa na chupa ya maji ya dukani, lebo imebanduliwa, na ndani yake mkojo. Aliiweka kwenye ukingo wa dirisha. La daktari lilikuwa hatua kumi mbele, lakini aliiweka kwenye langu. Ilikuwa kahawa chungu khasa, ile ya barazani inayomiminwa kutoka kwenye dele, nyeusi yenye wekundu ukiielekeza kwenye mwanga. Hakusema neno, na mimi sikupata la kusema.

Wingi wa damu ulikuwa umeshuka mpaka gramu tano. Aliongezwa chupa mbili, dapsoni ikasimamishwa, akaendelea na rifampisini na klofazimini. Mungu akamnusuru. Ukoma nao ukapona, hilo niliseme mapema kwa wanaopenda kujua.

Watu wa pwani mimi huwaeleza hivi yaliyomkuta kijana. Chembe nyekundu za damu zina kimeng'enya kinachozilinda zisiungue kwa ndani, nacho huitwa G6PD. Mtu aliyezaliwa na upungufu wake anaishi kama wenzake, anavua, anacheza mpira, anaoa. Ni chombo cha bahari kisichopakwa sifa, yale mafuta ya papa. Bahari ikiwa shwari utakwenda nacho Tanga na kurudi. Siku pepo zikivuma ndipo mbao zinapoachia. Dapsoni kwa damu kama hiyo ni pepo. Primakwini, dawa ya malaria, ikiwa ya dozi kubwa ni pepo. Hata kunde za fava, zinazoliwa sana Uarabuni, kwa baadhi yao ni pepo.

Na kinachoniuma ni kwamba hayo nilikuwa nayajua. Miaka ya 1950 Wamarekani waliijaribu primakwini kwa wafungwa wa gereza la Stateville, Illinois, wakaona baadhi yao, weusi khasa, damu zao zinavunjika na wenzao wamekaa salama kwa dozi ile ile. Mwaka 1956 sababu ikatambuliwa kuwa ni upungufu huo wa kurithi, na mwaka 1959 Mjerumani Friedrich Vogel akaipa elimu hii jina lake, famakojenetiki. Mwaka 2008 dawa ya malaria iliyochanganya klorproguanili na dapsoni ikaondolewa sokoni kwa kuvunja damu za Waafrika wenye upungufu huo. Yote hayo nilifundishwa. Nililijibu swali la G6PD kwenye mtihani na nikapata alama zote. Ila kwenye mtihani mgonjwa huja ameandikwa "mwanamme, ana upungufu wa G6PD". Haji na bibi yake anayesema vidonge hutukataa.

Kuna na kosa la pili, na hili nililifanya baada ya kujidai nimezinduka. Kijana alipopata nafuu nilishikilia apimwe. Damu ikachukuliwa ikapelekwa, majibu yakarudi: kiwango cha kawaida. Nilimwambia daktari, nikamwambia bibi, kwamba hana tatizo la kurithi, labda ni jambo jengine. Bibi akaniangalia vile mtu anavyomwangalia mtoto anayemwambia mvua hainyeshi na nguo zake zinatota.

Aliyeninusuru ni mtaalamu mmoja wa maabara, mtu mzima, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja. Nilimpelekea yale majibu nikitaka anieleze mkojo ule ulitoka wapi.

"Mulimpima lini?" akauliza.

"Wiki ile ile."

"Kabla ya kuongezwa damu au baada?"

"Baada."

Akacheka kwa pua. "Basi mumewapima waliochangia. Na ile kidogo iliyokuwa yake mwenyewe ni chembe changa. Kongwe zishakufa zishazikwa. Chembe changa hata kwa mwenye upungufu huwa na nguvu bado. Mlete baada ya miezi mitatu."

Chembe nyekundu huishi kama siku 120. Hilo nalo nilikuwa nalijua. Sikuwahi tu kuliweka sahani moja na lile jengine. Kipimo tulichokitumia kinapima kazi ya kimeng'enya, na kazi hubadilika kwa wakati. Kipimo cha kinasaba chenyewe kingesema vile vile siku yoyote, kabla ya damu kuvunjika au siku ya pili yake, lakini hicho hatukuwa nacho.

Miezi mitatu ilipotimia kijana alikuja na ndugu zake wawili wa kiume, mama yao kawaleta. Mtaalamu alichukua tone la damu la kila mmoja, na langu pia, ili tuone lenye uzima linavyokuwa. Akalichanganya na dawa yake, akasubiri, akadondosha kwenye karatasi ya kuchujia. Madoa manne yakakauka mstari mmoja. Akafunga dirisha, akazima taa, akawasha taa ya urujuani. Doa langu likawaka buluu, kama bahari usiku wa kiza ukiipiga kasia. La ndugu mkubwa likawaka vile vile. La mvuvi wetu likabaki kiza. La mdogo wao, mtoto wa skuli aliyekuja kwa sababu kaahidiwa soda, likabaki kiza pia.

Miye nikatoka nje na furaha ya kijinga ya mtu aliyepata jibu sahihi. Ukumbini walikuwapo mama, bibi, na shangazi yao wa kuumeni aliyewasindikiza. Nikaanza kufundisha. Nikasema upungufu huu hupita kukeni, kinasaba chake kimekaa kwenye kromosomu X, na mtoto wa kiume X yake huipata kwa mama. Nilikuwa bado nazungumza shangazi alipogeuka akamwambia wifi yake, kwa upole kabisa: "Kumbe imetoka kwenu."

Mama wa watoto aliinama, akaanza kukunja upindo wa buibui lake, akiukunja na kuukunjua. Miaka mingapi atasikia sentensi ile kila mtoto akiumwa kichwa, sijui. Mimi ndiye niliyemtia shangazi silaha mkononi. Tokea siku ile habari ya kurithi naizungumza na mwenye mwili wake, au na mama yake peke yake, mlango umefungwa, na huanza kwa kumwambia kwamba mama hakufanya kosa lolote, kama vile hakuchagua rangi ya macho ya mwanawe. Wakitaka wenyewe ndio niwaite wengine.

Neno lenyewe nalo lina matata yake. Vinasaba, nasaba. Mtu wa Zanzibar ukimtajia nasaba ushagusa ukoo, mirathi, na nani mtoto wa nani. DNA ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu watu wameizoea kwenye magazeti, pale baba anapomkana mtoto. Kuna mama niliwahi kumshauri mwanawe apimwe, nikalitumia neno hilo bila ya kufikiri. Alisimama akamshika mtoto mkono. "Mnataka kujua wa nani? Wa babake!" Akaondoka na dawa zake nusu. Siku hizi nasema tunapima namna damu yake inavyopokea dawa. Ni maneno marefu lakini hayamfukuzi mtu.

Mara ya pili kuumbuka ilikuwa mbele ya mzee mmoja aliyerudi India. Wenye uwezo, na wasio na uwezo waliochangiwa, wakiumwa moyo huenda huko, na mzee huyu alirudi amewekewa kijibomba ndani ya mshipa wa moyo. Alikuja na mwanawe kwenye duka la dawa nililokuwa nikifanya kazi jioni. Faili lake lilikuwa nene kama msahafu. Cheti kinasema tikagrela. Duka halina. Ninayo klopidogreli, ambayo kazi yake ni hiyo hiyo ya kuzuia damu isigande kwenye kijibomba, bei yake ni ndogo, na nimeibadilisha hivyo kwa wagonjwa wengine baada ya kumpigia daktari simu.

"Binti yangu, na hii karatasi ina maana gani?" mzee akauliza, akanipa ukurasa mmoja wa mwisho. Umeandikwa CYP2C19, halafu nyota na mbili, mstari, nyota na mbili.

Nikaitazama. Nikasema, "Hii iko sawa, mzee. Ni vipimo vyao vya kawaida."

Nalisema hili kwa aibu, lakini bora niliseme kuliko nilifiche. Mkono wangu ulikuwa ushagusa boksi la klopidogreli. Kilichonizuia si elimu. Ni uso wa bibi na ile chupa. Nikamwambia mwanawe, "Kaka, nipe mpaka kesho asubuhi." Usiku nikasoma. Klopidogreli ikiingia mwilini haifanyi kazi mpaka ini liibadilishe, na mbadilishaji mkubwa ni kimeng'enya hicho cha CYP2C19. Mwenye nyota mbili pande zote, yaani aliyerithi kasoro hiyo kwa baba na kwa mama, anaimeza ikapita karibu bure. Tokea 2010 mamlaka ya dawa ya Marekani imetaka onyo hilo liandikwe ndani ya fremu nyeusi kwenye maelezo ya dawa. Daktari wa India hakuchagua dawa ya ghali kwa kupenda makuu. Alimpima mzee, akaona, akaandika. Karatasi ikavuka bahari mpaka mkononi mwangu, na mimi nikasema ni vipimo vya kawaida.

Asubuhi nilimwomba mzee radhi, nikamweleza. Tikagrela tuliiagiza Dar es Salaam, ikaja na boti. Alinisamehe kwa utani: "Kwa hiyo baba na mama wote wawili walinidhulumu?" Nikamwambia, "Na wote wawili walikupenda, mzee."

Wenzangu wa kazi nikiwasimulia haya hugawanyika. Mmoja, ambaye namheshimu sana, huniambia nisiwapotezee watu muda. Dawa za presha hukatika miezi miwili, mashine ya kupimia sukari inangoja betri, na wewe unataka jeni? Hoja yake ina uzito na sina la kuivunja moja kwa moja. Nami sidai kila anayekuja dirishani apimwe. Nadai tujue kusoma karatasi ikija, maana zinakuja, kutoka India, kutoka Muskat, kutoka Dar es Salaam. Na tujue dawa zipi ni za kuogopa. Hazizidi vidole vya mikono miwili kwa rafu zetu, na kuzijua hakuhitaji betri.

Mwengine anasema yeye mtu humjua kwa kumtazama: huyu Mwarabu, huyu Mshirazi, huyu wa Bara, kila mmoja na damu yake. Huyo ndiye ninayebishana naye mpaka chai ikapoa. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa DNA ya mifupa ya kale iliyotolewa kwenye makaburi ya miji ya Waswahili ya pwani ya Kenya na Tanzania. Kukeni karibu wote Waafrika, kuumeni wengi Waajemi. Tumechanganyika karibu miaka elfu moja, halafu wakaja Waomani, Wahindi, Wangazija. Upungufu wa G6PD wenyewe una aina nyingi, ya Kiafrika ambayo mara nyingi damu huvunjika ikajituliza, na ile ya Mediterania na Uarabuni iliyo kali zaidi. Mwenye pua ya Kiajemi anaweza kuwa na ya Afrika na mwenye nywele za kipilipili akawa na ya kule. Sura haisomeki hivyo.

Mimi mwenyewe sijawahi kuwa bingwa. Mwaka 2005 ulichapishwa utafiti uliofanywa kwa wagonjwa wa malaria wa hapa hapa Zanzibar, ukitazama kinasaba cha CYP2C8, kile kinachoishughulikia amodiakwini mwilini. Artesuneti na amodiakwini ndiyo dawa yetu ya mwanzo ya malaria tokea 2003. Nimeigawa mpaka vidole vinajua uzito wa pakti bila ya kutazama. Utafiti huo niliupata miaka mingi baadaye kwenye simu, nikiwa ndani ya boti natoka Unguja, mawimbi yananitia kichefuchefu, na nikajiuliza ni wangapi kati yetu tuliopata habari zake.

Na kuna wale wa efavirenzi. Kabla ya kuja dolutegraviri, wanaotumia dawa za kufubaza virusi wengi walikuwa wakipewa efavirenzi usiku. Mama mmoja alikuwa akiniambia kuna kitu humkalia kifuani kila usiku, humwamsha, humwonesha maiti zake. Kwa mtu wa Pemba aliyekuwa mkubwa mwaka 1995, Popobawa ilipotufanya tulale nje uwanjani, jina la kitu hicho halitafutwi. Alikwenda kwa waganga wawili. Efavirenzi huvunjwa na kimeng'enya cha CYP2B6, na Waafrika wengi wamerithi kile kinachokwenda polepole, dawa ikajaa kwenye damu na kichwani. Pia nilikuja kugundua alikuwa akiimeza baada ya chakula kizito cha usiku, na mafuta huizidisha mwilini. Sikumpima, kwa hiyo siapi kuwa ni kurithi. Najuta tu kwamba alinieleza mara tatu na mara zote tatu nilimwambia atazoea.

Kijana wa dodoso nilimtafuta. Nilipiga simu nikamwambia lile swali la karibu na mwisho nataka kulibadilisha. Akanyamaza kidogo. "Dada, data nshaingiza." Nikamwambia basi ajue kuwa "Sijawahi" ya wafamasia wengi huenda ni kama yangu, wamekutana naye wasimtambue, kwa sababu akilini mwao jenetiki ni mashine kubwa ya Ulaya na tone la damu kwenye karatasi halimo. Akasema ataliandika kwenye sehemu ya majadiliano. Sijui kama aliandika. Tafiti kama yake zimefanywa nchi nyingi na hurudia jambo moja: wafamasia tunakiunga mkono kipimo, ila ujuzi wetu mdogo. Sijaona dodoso linalouliza kama mfamasia anasikiliza.

Sasa nina kaunta buku. Kabla ya kutoa dapsoni, nitrofurantoini na nyengine chache, nauliza: kwenu, kuumeni au kukeni, kuna mtu dawa ilimkataa? Dawa gani, na ilimfanya nini? Wengi hucheka, wengine hutaja aleji ya salfa ambayo si aleji. Lakini mmoja mmoja husita, akasema, "Ngoja nimpigie bibi." Hao nawangoja.

Mwaka uliofuata, mdogo wake mvuvi, yule wa soda, alikwenda likizo Tanga kwa jamaa zake akarudi na malaria. Alipimwa kituoni, ikaonekana. Siku hizi pamoja na dawa ya malaria hutolewa dozi moja ndogo ya primakwini ili mbu asiichukue malaria kwake akaipeleka kwa jirani. Bibi alikuwapo. Aliposikia jina la dawa alifungua ncha ya kanga, akatoa kadi niliyowaandikia, akaiweka juu ya meza ya muuguzi, na muuguzi akanipigia simu.

Nilimuuliza uzito wa mtoto, nikampigia daktari, nikarudi kwenye simu. Tokea 2012 Shirika la Afya Duniani limeshauri dozi hiyo moja, robo miligramu kwa kila kilo, itolewe hata bila ya kupima G6PD, kwa sababu ni ndogo mno kuleta madhara makubwa. Pepo hii si ile iliyomkuta kaka yake. Nilimwomba muuguzi ampe bibi simu, nikamweleza hayo yote, tofauti ya kumeza kila siku na kumeza mara moja.

"Na safari hii una hakika?" akaniuliza.

"Dozi nina hakika nayo, bibi. Lakini mkojo wake tutautazama pamoja, wiki nzima. Ukibadilika rangi tu, usingoje asubuhi."

Akakata simu bila ya kuaga. Kila siku baada ya Alasiri ilikuwa ikilia, nami huacha nilichoshika. Siku ya saba sikumaliza hata kusema "Asalamu alaikum".

"Mweupe," akasema. "Kama maji ya dafu."